Gitaa Kavu Jukwaani: Uanze na Clapton, Rod Stewart, Bryan Adams au Chris Cornell?

Mpwa wangu amepata kazi ya kuimba hotelini kila Ijumaa na Jumamosi, yeye na gitaa lake basi. Hoteli yenyewe iko ufukweni, na wageni wake wengi ni Wazungu wa makamo, wale ambao wakishamaliza samaki na kuingia glasi ya pili wanaanza kuagiza nyimbo za ujana wao. Jumapili asubuhi akanipigia simu.

"Shikamoo Mjomba. Jana mzee mmoja kaniomba Layla ya Eric Clapton. Nimempigia mpaka mwisho, kaniambia siyo yenyewe."

"Marahaba. Ulimpigia ipi?"

"Si hiyo ya polepole, ya gitaa kavu. Kwani kuna nyingine?"

Ikabidi nivute kiti. Kijana amezaliwa ile ya polepole imeshazeeka redioni, kwa hiyo kwake yeye hiyo ndiyo mama na ndiyo mtoto. Ile ya mwaka 1970, yenye gitaa la umeme linalolia kama king'ora cha zimamoto, hajawahi kuisikia. Nikamtumia. Dakika kumi baadaye akaandika: "Mjomba, hizi ni nyimbo mbili." Halafu akaja na swali lililonifanya niandike haya. Albamu za namna hii ni nyingi, mwimbaji wa roki anapanda jukwaani na gitaa kavu kuimba upya vibao vyake vya zamani, watu wamekaa mbele yake. Bando lake ni dogo, na Ijumaa haiko mbali. Aanze na ipi?

Nimempa tano, za waimbaji wanne. Eric Clapton na Unplugged ya 1992. Rod Stewart na Unplugged...and Seated ya 1993. Bryan Adams ana mbili, MTV Unplugged ya 1997 na Bare Bones ya 2010. Wa mwisho ni Chris Cornell na Songbook ya 2011. Nirvana nimewaacha makusudi, najua watu watalalamika. Ile ni bendi, na mpwa wangu hana bendi.

Kavu kwa kiasi gani?

Tatu kati ya hizo zimetoka kwenye kipindi cha Unplugged, ambacho televisheni ya MTV ilikianzisha mwaka 1989. Sharti lake lilikuwa rahisi: magitaa ya umeme yabaki nyumbani. Lakini usidanganyike na jina ukadhani mtu kakaa chini ya mwembe. Maiki zina umeme, spika zina umeme, taa ndiyo usiseme. Kilichoondolewa hasa ni ule mkwaruzo wa amplifaya ambao muziki wa roki umejengewa juu yake, kama nyumba juu ya msingi. Ukiubomoa, unaangalia nyumba itasimamaje.

Na hapo ndipo albamu hizi zinapoachana njia. Wako walioondoa mkwaruzo wakabakiza watu wote, dramu, besi, waitikiaji, mpaka fidla. Wako walioondoa watu. Kwa hiyo mtu akiniuliza achague ipi, simwulizi kama anapenda gitaa kavu. Namwuliza anataka kusikia watu wangapi jukwaani: wanane, wawili, au mmoja. Jibu lake linamaliza nusu ya kazi.

Kwetu safari hii ilikwenda kinyume. Wazee walianza na galatoni, neno lililotokana na Gallotone, magitaa yaliyokuja kutoka Afrika Kusini. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alipiga gitaa kavu moja tu na kuimba Kiswahili chake, na Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 hapakuwa na dramu wala besi. Dole gumba ndilo lilikuwa besi. Umeme ulikuja baadaye, ukafuatwa na bendi za watu kumi na mbili. Kwa hiyo Mzungu anapotoa gitaa kavu na dunia nzima ikapiga makofi kana kwamba kagundua moto, mimi huwa natabasamu kidogo. Lakini siyo ubaya. Kurudi nyuma kwa mtu aliyezoea kelele ni kazi, na albamu hizi zinaonyesha nani aliiweza.

Clapton: watu wanane na mguu mmoja

Clapton alirekodi tarehe 16 Januari 1992, kwenye studio za Bray nchini Uingereza, mbele ya watazamaji wachache. Amekaa kitini na Martin ya mwaka 1939. Gitaa hilo liliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 791,500, kwa hiyo mpwa wangu asihangaike kulitafuta Kariakoo. Pembeni yake wapo gitaa la pili, piano ya Chuck Leavell, besi ya Nathan East, dramu, tumba na njuga za Ray Cooper, na wanawake wawili wa kuitikia. Wanane jumla. Wanapiga kwa adabu, kama watu waliopita sebuleni wakakuta mtoto amelala.

Tuanze na huo Layla uliomtia mpwa wangu aibu. Clapton anauanzisha kwa kuwachokoza watazamaji, waone kama wataujua. Noti chache zinapita, kimya, halafu makofi yanaanza upande mmoja na kusambaa. Hapo unasikia watu wakitambua kitu ambacho hawakukitegemea, na ndiyo sababu kipande hicho hakijachakaa hata baada ya kupigwa kila mahali. Alichofanya ni ujasiri mkubwa kuliko unavyosikika. Kile king'ora cha mwanzo kimeshushwa mpaka kikawa mwendo wa mtu anayetembea mikono mfukoni. Ile sehemu ndefu ya piano iliyofunga wimbo wa zamani imekatwa yote. Wa 1970 ni wa mwanamume anayemlilia mwanamke asiyeweza kumpata. Huu wa 1992 ni wa mtu yuleyule, uzee unapiga hodi, anakisimulia kisa hicho bila kulia tena. Maneno ni yaleyale.

Sasa onyo, kwa sababu watu wengi wananunua albamu hii wakidhani ni mkusanyiko wa vibao vyake. Siyo. Kati ya nyimbo 14, nane ni bluzi na nyimbo za wazee wa Marekani. Vyake vya zamani ukivihesabu ni vitatu, Layla, Running on Faith na Old Love, na viwili vya mwisho vilikuwa na miaka miwili na kidogo tu wakati ule. Wonderful Tonight haimo. Cocaine haimo. Anayetaka vibao atahisi kapunjwa. Anayetaka kujua Clapton alipenda nini kabla hajawa Clapton, hapa amefika. Sikiliza San Francisco Bay Blues, wanapotoa vile vidude vya kupulizia vinavyovuma kama nyigu kwenye kopo, watu wazima wanacheka. Au Rollin' and Tumblin', ambayo inaingia katikati kana kwamba umefungua mlango ukakuta wameshaanza, na chini ya gitaa kuna mguu unapiga sakafu. Mimi mguu ule naupenda kuliko dramu zote za albamu.

Kuna Tears in Heaven pia, na hapa namsemesha mpwa wangu kwa uzito. Mtoto wa Clapton, Conor, wa miaka minne, alianguka kutoka ghorofani New York mwezi Machi 1991 akafariki, na wimbo huu ni wa kumlilia yeye. Wakati wa kurekodi haujapita hata mwaka. Nimewahi kuusikia wimbo huu ukipigwa harusini, bi harusi anaingia ukumbini na shela, mama mkwe anafuta machozi ya furaha, kwa sababu tu mahadhi yake ni laini. Sikusema kitu, harusi si yangu. Lakini wewe unayeimba mbele ya watu, jua unachokiimba.

Albamu iliuza zaidi ya nakala milioni 20 duniani, na mwaka 1993 ikachukua Grammy ya Albamu ya Mwaka. Ubaya wa mafanikio hayo ni kwamba imepigwa sana mpaka masikio yameota sugu. Mwenye kutaka kufundisha vidole vyake achukue hii kwanza, hasa Hey Hey na Signe, maana gitaa linasikika kila unyuzi. Kwa uimbaji ningemwambia asubiri, bora ziko mbele.

Rod Stewart, kwa ufupi

Hii nitaipita haraka, si kwa dharau. Ilirekodiwa Februari 1993 Los Angeles, na aliyeitayarisha, Patrick Leonard, utamkuta tena kwa Bryan Adams. Rod kamleta rafiki yake wa zamani Ronnie Wood, waliokuwa pamoja kwenye bendi ya Faces, na kuanzia hapo albamu inakuwa baraza la wazee waliokutana baada ya miaka mingi: utani, vicheko, mmoja anaanza na mwenzake anadakia. Maggie May na Reason to Believe zinakaa vizuri kwa sababu tangu zilipozaliwa mwaka 1971 zilikuwa nusu kavu. Hakuondoa kitu kikubwa. Hot Legs, ambayo ilikuwa ya umeme kweli, inachechemea kidogo.

Have I Told You Lately ya humu ndiyo wengi mnayoijua. Utunzi ni wa Van Morrison, na Rod mwenyewe alikuwa ameshairekodi studio mwaka 1991, lakini hii ya jukwaani ndiyo iliyopaa, namba 5 Uingereza na namba 5 Marekani. Hiyo harusini ruksa, hata mara mbili.

Ukiwa na wageni nyumbani na unataka kitu kisichomlazimisha mtu kunyamaza, weka hii. Kujifunzia, hapana. Sauti ya Rod, ile ya mchanga, haiigiki. Ukijaribu utaonekana una mafua.

Bryan Adams dhidi ya Bryan Adams

Hapa ndipo pananoga, kwa sababu ni mwimbaji mmoja, nyimbo nyingi zilezile, miaka 13 katikati. Kwenye ya kwanza alikuwa na miaka 37. Kwenye ya pili amegonga hamsini. Ukitaka kujua neno "kavu" lina maana ngapi, sikiliza hizi mbili kwa pamoja na usiongeze ya tatu.

Ya 1997 ilirekodiwa tarehe 26 Septemba kwenye ukumbi wa Hammerstein, New York. Magitaa ni makavu, ndiyo, lakini dramu ya Mickey Curry ipo na haina aibu, besi ipo, Keith Scott yupo kwenye gitaa la pili, Patrick Leonard anapiga piano. Juu ya hao, Michael Kamen kaandika fidla na kuwapa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Juilliard wazipige. Juu ya hao tena, yuko Davy Spillane, Muayalandi mwenye filimbi na zumari za kwao, zile zenye mfuko wa hewa kwapani. Huwezi kuita hiyo gitaa kavu bila kucheka. Ni sherehe ambayo mtu kasahau kuleta amplifaya.

Lakini ni sherehe nzuri sana! Inafungua na Summer of '69 na kuanzia dakika ya kwanza unajua hakuna atakayelala. Cuts Like a Knife inafika kwenye kile kiitikio kisicho na maneno, ukumbi unakichukua, na magitaa makavu yakipigwa kwa nguvu kwa pamoja yanatoa kishindo kama mvua ya mawe kwenye bati. Kitu kama hicho gitaa la umeme halikupi.

Bare Bones, maana yake mifupa mitupu, ilirekodiwa kwenye ziara ya 2010. Jukwaani ni Adams na gitaa lake, na Gary Breit kwenye piano. Wamekwisha. Hakuna dramu, hakuna besi, hakuna Muayalandi. Nyimbo 20 dhidi ya 13 za ile ya kwanza.

Chukua I'm Ready. Mwaka 1983 ulikuwa wimbo wa kukimbia, dramu zinasukuma, gitaa linakwaruza, mwimbaji anatangaza kwamba yuko tayari kana kwamba ana basi la kuwahi. Mwaka 1997 aliugeuza. Kaupunguza mwendo, kaweka fidla na pumzi ya zumari, na ghafla "niko tayari" ikawa maneno ya mtu ambaye amefikiria usiku kucha. Ni ugeuzaji bora kuliko wote kwenye albamu ile, na kwa maoni yangu unashindana na Layla ya Clapton. Mwaka 2010 kauchukua uleule wa polepole, kaondoa na fidla. Hapo ndipo nilipouelewa. Wimbo uliokuwa na nguo nzito mwaka 1983, ukavishwa hariri 1997, sasa umesimama na kanga moja, na bado ni mzuri. Mimi hupiga na rafiki yangu mpiga kinanda, watu wawili kama wao, na tulipoujaribu mara ya kwanza tuligundua kwamba kila pengo lilikuwa letu. Adams akimaliza mstari haingii mtu kujaza. Kinabaki kimya, halafu piano. Ukiwa mwoga wa kimya, Bare Bones itakutoa jasho.

Summer of '69 nayo. Ile ya 1997 ina injini nyuma yake. Ya 2010 mwendo wote uko kwenye mkono wake wa kulia, na ukichoka wimbo unakufa. Mpwa wangu amepewa mazoezi hapo: apige dakika tatu na nusu bila kuongeza kasi wala kupunguza. Alirudi kidole kinavuja damu, akasema Mjomba hii si haki.

Sasa jambo la ajabu. Wimbo mkubwa kuliko yote ya Bryan Adams, (Everything I Do) I Do It for You, ule uliokaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo mwaka 1991, haumo kwenye albamu ya 1997. Na Kamen, aliyeandika fidla za usiku ule, ni mmoja wa watunzi wa wimbo huo! Mtunzi yumo kwenye shughuli, wanafunzi wa fidla wamekaa tayari, na wimbo haumo kwenye diski. Badala yake kuna nyimbo mpya, Back to You na nyinginezo, na vya zamani visivyojulikana sana kama Fits Ya Good ya 1981. Bare Bones unao, na una Please Forgive Me, Heaven, Straight from the Heart, pamoja na All for Love, ule alioimba na Sting na Rod Stewart mwaka 1993. Zile zote zilizotuliza mabasi ya usiku na saluni za mji mzima, ziko humo.

Kwa hiyo kama swali lako ni "nataka vibao vyake, alivyoviimba kwa gitaa kavu," usihangaike, jibu ni Bare Bones. Ila kama albamu, kama kitu cha kukaa nacho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ya 1997 inaishinda. Bare Bones imekusanywa kutoka usiku mbalimbali wa ziara, na inasikika hivyo. Nyimbo 20 za watu wawili, karibu zote za mapenzi, karibu zote za mwendo mmoja, zikifika ya kumi na tatu unatamani mtu aangushe sahani. Naichukua kama kabati. Nafungua, natoa ninachotaka, nafunga.

Cornell: mmoja

Nilimwachia mpwa wangu hii mwisho kwa sababu najua ikimshika hatazisikiliza zile nyingine.

Chris Cornell aliimbia Soundgarden, kisha Audioslave, bendi mbili za kelele nzito. Kama kuna mtu ambaye ungesema bila umeme hatasimama, ni huyu. Mwaka 2011 akazunguka Marekani na Kanada peke yake. Kiti, gitaa, maiki. Songbook ni mavuno ya ziara hiyo, nyimbo 15 za jukwaani na moja ya studio mwishoni, The Keeper, iliyotungiwa filamu ya Machine Gun Preacher. Filamu hiyo inamhusu Mmarekani aliyekwenda Sudan Kusini, mpakani na Uganda, kupambana na waasi wa LRA waliokuwa wakiteka watoto, kwa hiyo wimbo wa mwisho kwenye diski ya mwana wa Seattle unatugusa hapa jirani.

Kinachonishangaza kwenye Songbook ni kwamba kuondoa vitu hakukuifanya sauti kuwa ndogo. Kwa Clapton, gitaa liliposhuka naye alishuka. Cornell hakushuka. Kwenye Black Hole Sun, ambayo mwaka 1994 ilikuwa imefungwa ndani ya magitaa mazito kama mtu ndani ya blanketi, hapa sauti iko wazi kabisa, na anapopanda kwenye kiitikio unasikia koo linakwaruza pale ambapo zamani gitaa lilikuwa linakwaruza. Mkwaruzo haukuondoka. Umehamia kooni. Kati ya wanne hawa ni yeye peke yake aliyefanya hivyo.

Like a Stone na I Am the Highway, zote za Audioslave, zinakuwa nyimbo za msafiri. Call Me a Dog na All Night Thing zimetoka kwenye Temple of the Dog, albamu ambayo Cornell na wenzake waliitengeneza kumkumbuka rafiki yao Andrew Wood aliyefariki mwaka 1990. Na kuna Ground Zero, ambao nauheshimu kwa sababu nyingine. Ulitoka kwenye Scream ya 2009, albamu aliyofanya na mtayarishaji Timbaland, yenye midundo ya kompyuta, na mashabiki wake wa roki waliikataa kweli kweli. Humu kauchukua wimbo uleule, kavua midundo yote, kaupiga kwa gitaa moja. Ukausikia ukajua ulikuwa wimbo muda wote.

Si rahisi kuisikiliza, nasema mapema. Hakuna wa kukuchekesha kama Rod, hakuna kiitikio cha ukumbi mzima kama Adams. Anaimba Imagine ya John Lennon na Thank You ya Led Zeppelin, na hata hizo hazikupi pa kupumzikia. Cornell alifariki Mei 2017, na tangu hapo baadhi ya mistari ya humu imekuwa mizito kuliko alipoirekodi. Mimi siiweki mchana. Nikiwa na watu siiweki kabisa.

Basi mpwa wangu afanyeje?

Kama ningekuwa namshauri mtu mwingine ningesema hivi. Wewe ni msikilizaji wa kawaida, unaijua roki kwa mbali, unataka albamu moja ya kukaa nayo Jumamosi huku nguo zinafuliwa: Bryan Adams ya 1997, na usisikilize wanaosema ina watu wengi mno. Unapiga gitaa na unataka vidole: Clapton. Una mchumba na safari ya Dar hadi Arusha: nusu ya kwanza ya Bare Bones, mkifika Korogwe badilisheni. Wazee wamekuja nyumbani: Rod. Uko peke yako, usiku, umeme umekatika na simu ina chaji: Cornell.

Mpwa wangu hali yake ni tofauti, yeye ni mmoja jukwaani na wageni hawakuja kumsikiliza yeye, wamekuja kula. Sauti ya Cornell hana, na nilimwambia hivyo kijomba, hakupenda. Bendi ya Clapton hana. Kwa hiyo nilimpa Bare Bones kama kitabu cha shule, nikamwambia atafute humo nyimbo nne ambazo zinasimama bila piano. Songbook nikamwambia asiiguse mpaka mwezi uishe. Bila shaka aliigusa usiku uleule, akaniandikia saa nane: "Mjomba mbona hukuniambia."

Jumamosi iliyofuata yule mzee wa Layla alikuwa bado hajaondoka hotelini. Mpwa wangu hakuthubutu kurudia Layla, ya umeme hawezi na ya polepole imeshakataliwa. Akampigia I'm Ready, ile ya mifupa mitupu, taratibu, akaacha vile vimya vikae. Anasema mzee aliweka uma chini. Wimbo ulipoisha akaja mpaka kwenye maiki, akamwuliza kama ameutunga mwenyewe.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni wa Mkanada mmoja, Mjomba. Ila zamani ulikuwa na kelele."